Namba Niliyoandika Ndani ya Kungu

Nyinyi mnaopima upepo siku hizi kwa kubonyeza kitufe, naomba mnivumilie. Mmoja wenu alipita hapa kwangu Mkumbi mwezi uliopita, kifaa chake kidogo kama simu kikiwa mfukoni, akaniuliza kwa adabu kama ni kweli zamani tulikuwa tunatoka ziwani na mashua ya tanga kwenda kupima upepo kwa mkono. Nikamjibu ni kweli, na kwamba hiyo zamani anayoisema si ya mbali sana. Simu zilikuwepo, ila mtandao uliishia mchangani. Nikamsimulia makosa yangu ya mwanzo, akacheka mpaka akajifuta machozi. Alipokwisha ondoka nikajuta kwamba nilimpa ya kuchekesha tu.

Yapo mengine. Lakini nianze na hayo hayo ya kuchekesha, maana bila kujua kazi ilivyokuwa hamtaelewa nilifanya nini.

Mimi ni mtoto wa milimani. Nimekulia kwenye kahawa na mahindi, na nilikuwa mtu mzima kabla sijaona maji ambayo ng'ambo yake ni nchi ya watu wengine. Ofisi ya Mbinga iliponiambia kituo changu kipya ni Liuli, nilidhani nitakaa kwenye meza yenye dirisha la kutazama ziwa. Nilipofika nikaoneshwa mashua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mashua inatoka asubuhi, inasimama mahali patatu ziwani, na kila mahali napima upepo, naandika daftarini, tunarudi. Tulipaita Kituo cha Kwanza, cha Pili na cha Tatu, ingawa palikuwa maji matupu. Tulipajua kwa kulinganisha vitu vya nchi kavu, kama paa la kanisa na mwamba fulani. Takwimu zilipelekwa Mbinga, na huko zilisaidia kuwaonya wavuvi kuhusu Mwera, yaani ule upepo wa kusini unaolipiga ziwa miezi ya baridi. Tulitumia tanga badala ya injini kwa sababu injini inatetemesha kifaa, na pia kwa sababu injini yetu ilikuwa imelala stoo tangu kabla yangu.

Aliyenifundisha ni Bwana Kasiani, mpimaji wa siku nyingi aliyekuwa anakaribia kustaafu, mtu mwembamba aliyevaa sweta la kijani hata jua likiwaka. Kifaa chetu kilikuwa na vikombe vitatu vidogo vinavyozunguka juu ya mpini, na chini yake uso wenye mshale, kama saa. Siku ya kwanza nilikishika kifuani, kwa heshima, kama mtu anayebeba mshumaa kanisani. Bwana Kasiani akaniuliza, "Agatha, unapima upepo au unapima pumzi zako?"

Akanionyesha. Simama upande upepo unakotokea, mbali na tanga, kwa sababu tanga linauchafua upepo kama vile jiwe linavyouchafua mkondo wa mto. Nyoosha mkono juu ya kichwa. Mwili wako usiwe ukuta. Hesabu dakika nzima kwa saa, soma, pumzika, rudia. Mara tatu, kisha uchukue wastani. Na kabla ya yote hayo shusha tanga, mashua itulie, kwa sababu mashua inayokimbia na upepo inakudanganya kwamba upepo ni mdogo, na inayokwenda kinyume chake inakudanganya kwamba ni mkubwa. Kama haiwezekani kusimama, basi tupa kipande cha mti mbele ya mashua, hesabu sekunde mpaka kipite nyuma, na kwa kuwa urefu wa mashua unaujua utapata mwendo wake, uutoe au uujumlishe. Kwa mwelekeo tulifunga uzi mwekundu wa sweta kwenye kamba ya mlingoti. Uzi ulikuwa haukosei. Mimi ndiye nilikuwa nakosea.

Mwezi wa kwanza mzima niliandika upepo unakokwenda badala ya unakotoka. Mkuu wetu alipiga simu kutoka Mbinga. "Dada, kwa daftari lako hili upepo wote unatoka Malawi. Wenzetu wamekukosea nini?" Ofisi nzima ilicheka, na kwa muda mrefu nikienda kule waliniita Mama Malawi.

Kingine cha kuchekesha hakikuchekesha siku yenyewe. Kifaa tulikitundika stoo kwenye msumari. Asubuhi moja nimefungua mlango nikakuta vikombe vinazunguka taratibu, madirisha yote yamefungwa, hakuna hata jani linalotikisika nje. Nilirudi kinyumenyume mpaka barabarani. Bwana Kasiani aliingia akakaa humo kimya, mimi nasikilizia nje, kisha akaniita. Panya walikuwa wametoboa dari mahali pale pale juu ya msumari, na joto la bati lilikuwa linavuta hewa kupitia tundu. "Kila kitu kina tundu lake," akasema. "Litafute kabla hujakimbia."

Nililitafuta tundu kwa miaka mingi. Tundu la hili ninalotaka kuwaambia sijalipata mpaka leo.

Bwana Kasiani alikuwa amekwisha staafu na kurudi kwao Mpepai. Mashuani tulibaki wawili, mimi na Nahodha Zakaria, Mnyasa wa Liuli, mpole, mtu wa maneno machache. Alikuwa na tabia moja. Tukikaribia Kituo cha Tatu, nyuma ya kisiwa, alivua kofia akaiweka gotini mpaka tukishaondoka. Nilimuuliza mara moja. Akasema, "Pale pana utulivu." Nikamwambia utulivu ni jambo jema. Akasema, "Ndiyo, mwanangu," akageuza usukani.

Na kweli palikuwa na utulivu. Huko nje Mwera unaweza kuwa unatandika maji mpaka yanatoka povu, lakini ukizunguka kisiwa unasikia kelele inabaki nyuma, kama mtu amefunga mlango. Unasikia mbao za mashua. Unamsikia mwenzako akimeza mate. Sikupapenda, lakini nilipima kila siku bila kuruka, dakika tatu zikiwa ndefu kuliko za vituo vingine.

Siku hiyo Kituo cha Pili kilinipa kusini mashariki, mita sita kwa sekunde. Niliandika. Tukazunguka kisiwa kama saa nane mchana, na mbele yetu nikaona moshi.

Nyinyi wa ziwani mnawajua kungu. Kwa wa milimani niwaeleze: ni wadudu wadogo kuliko mbu, hawaumi, wanazaliwa majini na kupanda juu kwa wingi usiohesabika, mpaka ukiwatazama kwa mbali unadhani meli inaungua. Wanawake wa ufukweni huwakamata wakawafanya mikate, na ni kitoweo kizuri. Nilikuwa nimewaona mara nyingi kwa mbali. Sikuwa nimewahi kuona nguzo yao imesimama juu ya Kituo cha Tatu hasa, pana kama uwanja wa mpira, na inakuja kwetu.

"Funika uso," akasema Nahodha Zakaria. "Fumba mdomo. Usiufungue hata kidogo."

Tukaingia ndani yao.

Jua lilipotea. Rangi ikawa ya kahawia, kama uko ndani ya chungu. Walinijaa masikioni, kwenye kope, ndani ya kola. Harufu yao ni ya samaki na ya udongo kwa pamoja. Na wana sauti, mlio mmoja mwembamba usiokatika, unaosikia kwenye meno zaidi ya masikio. Nilivuta kitenge usoni, nikasimama, nikanyoosha mkono na kifaa kama nilivyofundishwa. Vikombe vikajaa kungu. Vikazunguka robo duara, vikasimama.

Ndipo nikasikia mtu anabisha hodi.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa sauti ya mwanamke, mtu mzima, ya mtu aliyefika mlangoni kwa jirani na hana haraka. "Hodi." Ilitoka usawa wa maji, upande wa kulia, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa. Kisha kimya, muda ule ambao mtu humpa mwenye nyumba. Kisha tena. "Hodi."

Nilikaa sakafuni mwa mashua, nikamwonyesha nahodha kwa mkono: twende, twende. Alinitazama kupitia kitambaa chake, akanyoosha kidole kwenye kifaa, kwamba sijapima bado. Nikatikisa kichwa. Nikachukua kalamu, nikafungua daftari juu ya paja, na katika mstari wa Kituo cha Tatu nikaandika: kusini mashariki, mita sita. Namba ile ile ya Kituo cha Pili. Niliwaponda kungu kadhaa nilipolifunga.

Nahodha aliona nimeandika. Akageuza usukani.

Nyumbani nilioga mara tatu. Nilijiambia kwamba mstari mmoja katika daftari la kurasa mia mbili si kitu. Mita sita, mita tatu, nani atajua?

Kesho yake asubuhi, kabla sijanywa chai, Mama Editha alikuwa mlangoni pa ofisi. Alikuwa mkewe Mzee Bosko, mvuvi wa pale pale Liuli, mtu tuliyempita karibu kila siku kwenye mtumbwi wake tukasalimiana. Alikuja na shemeji zake wawili. Hakukaa.

"Mume wangu alitoka jana alfajiri kuvuta nyavu nyuma ya kisiwa," akasema. "Hajarudi. Wazee wanasema mtumbwi usio na mtu wa kupiga kafi unakwenda upepo unakokwenda. Wewe ndiye unayeandika upepo. Jana kule ulikuwa unatoka wapi?"

Ningeweza kusema pale pale. Ilikuwa ni neno moja tu. Nahodha Zakaria alikuwa amesimama dirishani, ametugeuzia mgongo. Nikafungua daftari. Kungu mmoja alikuwa amebanwa kwenye ukurasa, mbawa zake zimeshika kwenye wino. Nikasoma, "Kusini mashariki. Mita sita."

"Kwa hiyo amepelekwa kaskazini, katikati ya ziwa," shemeji mmoja akasema. Wakaenda. Mitumbwi ikaenda, na boti moja ya injini ya wafanyabiashara wa usipa, wale dagaa wa ziwa letu, ikaenda nayo, zote kaskazini. Mama Editha alikaa ufukweni kwenye mchanga, amejifunga kanga mbili, anatazama huko huko.

Walitafuta siku hiyo nzima. Walitafuta siku ya pili. Mimi nilitoka na mashua siku zote mbili kama kawaida, na siku zote mbili Nahodha Zakaria alipofika kisiwani hakuzunguka. Sikumuuliza. Niliacha mistari ya Kituo cha Tatu wazi. Kwa mbali tuliona nguzo ya kungu inapanda nyuma ya kisiwa saa ile ile, inasimama, inainama kidogo.

Inainama. Hilo ndilo lililonitoa usingizini asubuhi ya tatu. Huku nje Mwera unapuliza kuelekea kaskazini, na moshi ule unainama kuelekea kusini.

Nilimkuta nahodha anakumba maji mashuani. Nikasema bila hata kumwamkia, "Nahodha, ile namba ya Kituo cha Tatu sikuipima."

Aliendelea kukumba maji. Makopo mawili, matatu. Kisha akasema, "Najua. Na mimi niliona uzi umegeuka. Ulikuwa unaelekea kusini. Sikusema, kwa sababu mpimaji ni wewe, na kwa sababu nilitaka kuondoka pale kuliko ulivyotaka wewe."

"Kwa nini?"

Akaweka kopo chini. "Wewe ulisikia nini ndani ya kungu?"

Nikamwambia. Mwanamke, hodi, mara mbili, upande wa kulia.

"Mara mbili," akasema. "Upande wa kulia." Kisha akavaa kofia yake vizuri, jambo ambalo sikulitarajia, akasema, "Kama ni Bosko alikuwa anatuita, na sisi tukamkimbia..." Wazo lile halikuwa limenijia. Nilikuwa nimelala siku mbili nikiogopa mzimu, na huenda alikuwa mtu mwenye shida, sauti imekauka kwa kiu mpaka nikaidhania ya mwanamke, anaomba asaidiwe kwa adabu kama alivyofunzwa na mama yake.

Hatukusubiri mtu. Tulivuta tanga, na kabla ya mchana tulikuwa nyuma ya kisiwa. Hapakuwa na kungu bado. Maji yalikuwa laini, mazito, rangi ya risasi. Nahodha akashusha tanga. Nikasimama nikanyoosha mkono, na mara hii nilihesabu dakika kamili, mara tatu, nikapumzika kati yake kama Bwana Kasiani alivyoagiza. Vikombe vilizunguka polepole, sawasawa. Kaskazini, mita mbili. Upepo ulikuwa unazunguka kisiwa na kurudi nyuma, kama maji yanavyojizungusha nyuma ya jiwe. Namba ndogo tu. Ilitosha kabisa kuuchukua mtumbwi kwa siku nzima kuelekea upande ambao hakuna mtu aliyekwenda.

"Tusipandishe tanga," akasema nahodha. "Tuiache mashua ipelekwe."

Tulikaa mikono mapajani. Sijawahi kusafiri safari ya namna ile, wala sitaki tena. Hakuna kafi, hakuna tanga, hakuna anayeongoza, na bado tunakwenda, nchi kavu inasogea taratibu ubavuni mwetu. Nahodha alilala mbele kifudifudi akitazama maji. Baada ya muda akanyoosha mkono akaokota kitu: dumu la njano lililofungwa kamba, boya la nyavu, lenye alama ya msalaba wa rangi nyeupe. Alama ya Mzee Bosko. Kabla hajaliokota lilikuwa linakwenda nasi mwendo ule ule, njia ile ile, kama wote tumeitwa mahali pamoja. Mbele zaidi tukapita ndala moja inaelea, uso juu.

Sijui tulielea kwa saa ngapi. Tuliishia kwenye mwambao wa mawe makubwa, mahali pasipo na njia wala shamba, na juu ya mawe wamesimama mnandi, wale ndege weusi wa majini, wengi, mbawa wamezitandaza zikauke. Wote walikuwa wanatazama kwenye ufa mmoja kati ya mawe mawili. Tulipokaribia hawakuruka. Nilipita katikati yao nikiwa naweza kuwashika shingo.

Mtumbwi ulikuwa umekwama humo, umejaa maji nusu, hauna mtu. Nahodha akaita, "Bosko!"

Kutoka nyuma ya jiwe, kwa sauti ya kawaida kabisa, iliyochoka kidogo, mtu akajibu, "Karibuni."

Alikuwa amekaa kivulini, mgongo kwenye mwamba, nyavu amejifunika mabegani. Mguu wake wa kushoto siwezi kuueleza hapa. Alikuwa ameuvunja siku ile ya kwanza asubuhi. Aliteleza akivuta nyavu, mguu ukabaki umebanwa kwenye mdomo mwembamba wa mtumbwi, mwili ukaangukia upande wa pili. Kafi ikaenda. Alikuwa amelala ndani ya mtumbwi tangu hapo, na baada ya kutupwa kwenye mawe alijivuta kwa viwiko mpaka kivulini. Maji ya kunywa yalikuwa hatua tatu, akawa anayafikia kwa kulowesha shati.

Tulimnywesha. Nikapiga magoti nikamwambia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Alinitazama kwa muda, macho yanang'aa kwa homa. "Mbona mlibisha hodi halafu mkaondoka?"

Nikamwongezea maji.

"Kule kwenye kungu," akasema. "Nilisikia mbao za mashua, nikajua ni nyinyi. Siwezi kufungua mdomo, wadudu wamejaa, nikafunika uso kwa shati. Nikasikia hodi. Hodi mbili. Nikasema moyoni, ni yule binti wa vipimo, mwanamke gani mwingine atakuwa huku? Nikajilazimisha nikasema karibu. Nikameza kungu, nikakohoa. Nikasema tena karibu. Mkageuza."

"Mzee Bosko," nikasema, "mimi sikubisha hodi. Nilikuwa nimefumba mdomo."

Alimtazama Nahodha Zakaria. Nahodha akavua kofia. Mnandi mmoja akatua karibu na mguu wa mgonjwa, nikamfukuza kwa mkono, na mzee akasema, "Basi tuondokeni hapa."

Tulimfunga mguu kwa vipande vya mbao za mashua na kitenge changu, tukampeleka Liuli kwa tanga, Mwera ukitusukuma kwa nyuma. Hospitali walifanya waliloweza. Mguu ulikuwa umeoza kuanzia chini, wakaukata chini ya goti. Muuguzi mmoja, bila kukusudia kuniumiza, alimwambia Mama Editha mbele yangu kwamba mguu ungewahishwa siku ya kwanza, au hata ya pili, huenda ungepona.

Nilikwenda Mbinga nikamweleza mkuu wetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kuhusu namba tu. Hayo mengine sikumwambia. Aliniondoa ziwani, akaniweka kwenye makaratasi mpaka mwaka ukageuka, na ilikuwa haki yangu. Aliponirudisha aliniambia neno moja, "Pima." Nikapima, mpaka nilipostaafu. Kituo cha Tatu nilikipima kila siku, na Nahodha Zakaria kila siku alivua kofia, nami nikawa najifunga kitenge kichwani vizuri kabla hatujafika. Sikusikia tena kitu. Sikujua kama nifurahi.

Lakini hayo ya mkuu yalikuwa mepesi. Kulikuwa na watu wengine wawili waliokuwa hawajui.

Nilisubiri mpaka Mzee Bosko aliporuhusiwa kurudi nyumbani. Nilikwenda alasiri, daftari chini ya kwapa. Alikuwa ameketi barazani kwenye kiti, magongo mawili yameegemezwa ukutani, anashona nyavu kama kwamba hakuna kilichotokea. Mama Editha alikuwa uwanjani, kwenye chanja, anageuza usipa. Niliwaamkia wote wawili. Mama Editha akaniletea kigoda, akanishukuru mbele ya mumewe kwa kumwokoa, akarudi kwenye samaki wake. Alinishukuru. Sikuweza kuketi.

Nikamwita. Nikawaambia nikiwa nimesimama, daftari nimelishika kwa mikono miwili. Kwamba siku ile niliingiwa na woga. Kwamba sikupima. Kwamba nilichukua namba ya mahali pengine nikaiandika pale, na asubuhi yake nikamsomea yeye, mama, namba hiyo hiyo nikijua si ya kweli, na siku ya pili nikanyamaza, na ndiyo maana watu walikwenda kaskazini.

Mama Editha alikuwa na usipa mkononi. Hakupaza sauti.

"Siku mbili nilikaa pale mchangani," akasema. "Nilitazama kaskazini mpaka shingo ikakakamaa. Mume wangu yuko kusini nyuma ya mgongo wangu." Akageuka, akarudi kwenye chanja, akaendelea kuwageuza samaki mmoja mmoja.

Nikadhani nimefukuzwa. Nikaanza kuaga. Mzee Bosko akaweka sindano ya nyavu chini.

"Hilo daftari ndilo lenyewe?"

"Ndilo."

"Lete."

Nikamfungulia ukurasa. Kungu alikuwa bado yupo, amekauka, kama herufi moja iliyozidi. Mzee alisoma polepole, kidole chini ya maneno.

"Hapa panasema ulipima?"

"Panasema hivyo."

"Ulipima?"

"Sikupima, mzee."

"Basi andika."

Kalamu ilikuwa kwenye nywele zangu. Nikapiga magoti sakafuni, nikaweka daftari kwenye kigoda, nikakata ile namba kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, maana ndivyo tunavyosahihisha, hatufuti. Juu yake nikaandika: Haikupimwa. Nikatia jina langu.

"Soma," akasema Mzee Bosko.

Nikasoma.

Alitazama uwanjani, mkewe akiwa ameinama kwenye samaki, mgongo ametugeuzia.

"Soma tena," akasema. "Yule pale hajasikia."

Nikasimama, nikageukia uwanjani, nikasoma kwa sauti.